Alama za Vidole kwa Waombaji wa Leseni za Kazi Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa Waswahili wanaoishi Marekani na kuomba leseni ya kazi au ya biashara katika mji, kaunti au jimbo. Kila jimbo lina sheria zake. Tumeeleza zaidi mambo yanayofuata sheria ya nchi nzima, na tunapotaja jimbo fulani, jibu hilo ni la jimbo hilo tu. Kwa tunavyoona, anayekwama mara nyingi hakwamishwi na vidole vyake. Hukwamishwa na karatasi zinazofuatana navyo: namba isiyo sahihi, swali la fomu lililojibiwa haraka haraka, au kesi ya zamani ambayo mahakama haikuiandikia mwisho.

Kwa nini mji unataka alama za vidole vyangu? Mimi naomba leseni tu, sijafanya kosa.

Kutakiwa kutoa alama si kushukiwa. Serikali inataka kujua kama mtu atakayepewa dhamana fulani ana rekodi ya jinai. Dhamana hizo ni kama kulea watoto, kuuguza wazee, kuingia majumbani mwa watu, kuuza pombe, kununua vito na vitu vilivyotumika, au kubeba abiria. Jina peke yake halitoshi kwa kazi hiyo kwa sababu majina hufanana, hubadilika, na mtu huweza kutumia la mwenzake. Vidole havina shida hiyo. FBI ilianza kukusanya alama za vidole za nchi nzima mwaka 1924, wakati zikiwa kadi za karatasi kwenye makabati. Leo kazi hiyo inafanywa na idara yake iliyoko Clarksburg, West Virginia, kwa mfumo wa kompyuta uitwao NGI, uliokamilika mwaka 2014.

Je, kila leseni inahitaji alama za vidole?

Hapana. Watu wengi huchanganya vitu viwili. Kuna kibali cha kufanya kazi fulani, kama uuguzi, ulinzi, ualimu au uuzaji wa nyumba, na kuna kodi ya kufungua biashara mjini. Florida, kwa mfano, kile kilichokuwa kikiitwa leseni ya kazi ya mji au kaunti, tangu mwaka 2007 ni risiti ya kodi ya biashara tu. Ukishalipa na kupewa karatasi yako, haina maana kwamba umechunguzwa, wala haikuruhusu kufanya kazi inayohitaji leseni ya jimbo. Kwa hiyo kabla ya kulipia alama za vidole, uliza ofisini: hii ni kodi, au ni kibali kinachohitaji uchunguzi? Wapo waliolipia kuchukuliwa alama kwa skana, yaani mashine ya kusoma vidole, na hakuna aliyezihitaji.

Mji unaweza kuamua wenyewe tu kwamba watu fulani wapelekwe FBI?

Si wenyewe tu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1972, Public Law 92-544, ndiyo inayoruhusu FBI kutoa rekodi za jinai kwa ofisi za majimbo na miji kwa ajili ya leseni na ajira. Inataka iwepo sheria iliyopitishwa na bunge la jimbo, iwe inataja aina ya waombaji na kudai alama za vidole, na iidhinishwe na upande wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Sheria ndogo ya halmashauri ya mji, bila sheria ya jimbo nyuma yake, haifungui mlango wa FBI. Ndiyo sababu miji miwili iliyopakana inaweza kutofautiana, mmoja ukiangalia rekodi za jimbo peke yake na mwingine ukiangalia za nchi nzima. Una haki ya kumuuliza karani, kwa adabu, ni sheria gani inayotumika. Karani anayeijua kazi yake atakutajia kifungu bila kukasirika.

Kwa kawaida alama zako hupita kwanza kwenye ofisi ya rekodi ya jimbo, kama Idara ya Sheria huko California, FDLE huko Florida, au DPS huko Texas, kisha ndipo ziende FBI. Majibu hurudi kwa njia hiyo hiyo mpaka kwenye ofisi inayotoa leseni.

Madereva wa programu za simu nao hupimwa vidole?

Inategemea mahali. New York City inadai alama za vidole kwa madereva wote wanaopewa leseni na tume yake ya teksi, wa programu wakiwemo. Mfano unaokumbukwa zaidi ni Austin, Texas. Mwezi Mei 2016 wapiga kura walikataa kuwaondolea madereva wa programu sharti hilo, na Uber na Lyft zikaacha kufanya kazi mjini humo. Mwaka uliofuata bunge la Texas lilipitisha sheria ya jimbo iliyochukua mamlaka hayo kutoka miji, na kampuni hizo zikarudi. Kwa mwombaji funzo lake ni la kawaida tu: usitegemee alichokuambia dereva mwenzako wa miaka mitano iliyopita, kwani huenda sheria ilishabadilika.

ORI ni nini, na kwa nini kila mtu ananiuliza?

Ni namba ya herufi na tarakimu tisa inayoitambulisha ofisi itakayopokea majibu. Ndiyo kitu muhimu kuliko vyote utakavyokuja navyo. Ukitoa alama kwa ORI ya bodi ya wauguzi wakati ulikuwa unaomba kibali cha kituo cha watoto, majibu yatakwenda kwa bodi ya wauguzi. Bodi hiyo hairuhusiwi kuyatuma kwingine kwa hisani tu, nawe utalipa upya na kusubiri upya. Baadhi ya majimbo hutumia namba ya huduma badala ya ORI, lakini kazi yake ni ile ile.

Chukua namba hiyo kwenye barua au fomu ya ofisi inayotoa leseni. Usiichukue kwenye kundi la WhatsApp, hata kama aliyeituma alipata leseni yake.

Niende na nini siku ya kuchukuliwa alama?

Kitambulisho cha serikali chenye picha ambacho hakijaisha muda, fomu yenye ORI, na malipo. Majina yaliyo kwenye ombi la leseni yafanane na yaliyo kwenye kitambulisho. Hapa watu wetu hupata taabu. Aliyezoea kuandika jina lake, la baba na la babu hujikuta jina la babu limekuwa jina la ukoo kwenye leseni ya udereva, na jina la baba limekuwa la ukoo kwenye kadi ya ukaazi. Fomu nyingi zina sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia. Ijaze. Jina la kabla ya ndoa, tahajia ya kambini, jina la kwenye pasipoti ya zamani, yote yaandike. Kuwa na majina mengi si kosa. Kuyaficha ndiko kunakoibua maswali.

Ukitoka, dai risiti yenye namba ya muamala. Ipige picha kabla hujaondoka hapo.

Nimeandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari kama wakimbizi wengi. Je, nitachanganywa na mtu mwingine?

Kwa uchunguzi wa vidole, hatari hiyo ni ndogo sana, kwa sababu mfumo hulinganisha mistari ya vidole. Tarehe ya kuzaliwa ni maelezo ya ziada tu. Hatari iko kwenye uchunguzi wa jina, ule unaofanywa sana na kampuni binafsi za kuwapima wapangaji na waajiriwa. Mtu mwenye jina la kawaida na tarehe 1 Januari anaweza kukuta kesi ya mwenzake imebandikwa kwake. Hilo likikupata, uchunguzi wa vidole hukusaidia: huonyesha kwamba aliyekamatwa si wewe. Watu wetu wengi huogopa vidole na kuliamini jina. Kwa mtu mwenye karatasi za namna hii, ingefaa iwe kinyume chake.

Nimefanya kazi ya kuchinja kuku na ya usafi kwa miaka, vidole vimelika. Itakuwaje?

Ni jambo la kawaida. Wanaoshika dawa kali za usafi, saruji, maji ya moto au visu siku nzima hupoteza makali ya ile mistari, na uzee nao huifutafuta. Siku kadhaa kabla ya kwenda, paka mafuta ya ngozi asubuhi na usiku, na vaa glavu kazini. Siku yenyewe nawa mikono, ikauke vizuri, na usipake mafuta mengi muda mfupi kabla ya kuanza kwa sababu yanateleza kwenye kioo cha skana. Ukiwa na kidonda au plasta kwenye kidole, ni afadhali uahirishe.

Fundi akianza, legeza mkono, umwache yeye auzungushe. Wengi huukaza mkono au husukuma kidole wenyewe, na alama ikatoka na ukungu. Kama kidole hakipo, fundi ataandika sababu kwenye nafasi yake, na hilo halikuzuii.

FBI ikizirudisha alama kwa kuwa hazisomeki, utaitwa utoe nyingine. Nenda na ile risiti, kwani namba ya muamala wa kwanza ndiyo inayounganisha jaribio la pili na malipo uliyokwisha lipa. Zikirudishwa mara ya pili, ofisi ya leseni inaweza kuiomba FBI ifanye uchunguzi kwa jina. Ombi hilo hufanywa na ofisi, halifanywi na wewe, na lina muda wake wa mwisho. Kwa hiyo ukipata barua ya pili ya kukataliwa, usikae ukisubiri wakukumbuke. Piga simu uulize kama wameshaliomba.

Kadi ya wino au skana?

Skana, kama unaruhusiwa kuchagua. Hutuma alama kwa njia ya kielektroniki, na mashine hukataa papo hapo alama mbovu. Kadi ya wino, ambayo kwa waombaji wa leseni ni ile iitwayo FD-258, hutumika zaidi kwa mtu anayeishi jimbo jingine au mahali pasipo na kituo. Ukitumia kadi, usiikunje hata kidogo, na omba uchukuliwe mbili.

Uhamiaji walishachukua alama zangu, na kazini pia nilishatoa. Kwa nini nirudie?

Kwa sababu majibu hutolewa kwa kusudi moja na kwa ofisi moja. Alama ulizotoa USCIS kwa ajili ya kadi ya ukaazi haziwezi kutumiwa na bodi ya vinyozi, na majibu ya bodi moja hayahamishwi kwenda nyingine bila sheria inayoruhusu. Inachosha, na ukiwa na leseni mbili utalipa mara mbili. Lakini sheria hiyo hiyo ndiyo inayozuia rekodi yako isizungushwe ofisi kwa ofisi. Kuna maeneo yaliyopunguza usumbufu huu. Florida ina mfumo wa pamoja wa watoa huduma za afya na malezi, unaoziwezesha ofisi zilizotajwa na sheria kutumia uchunguzi mmoja.

Je, naweza kuiomba FBI rekodi yangu mwenyewe, kisha niipeleke?

Kuiomba unaweza, na ada yake ni dola 18. Unajaza ombi kwenye tovuti ya FBI, kisha unatoa alama kwenye posta inayoshiriki au unatuma kadi. Lakini nakala hiyo ni ya kwako kujisomea, kuisahihisha, au kutumia kwa mambo kama visa ya nchi nyingine. Kwa leseni, ofisi inataka majibu yaliyotoka FBI moja kwa moja, yasiyopita mikononi mwako.

Hata hivyo, ukiwa uliwahi kukamatwa popote Marekani, hata kwa usiku mmoja, tunakushauri uiombe kabla hujalipia shule ya uuguzi au ya ulinzi. Dola 18 ni kidogo mno ukilinganisha na ada ya kozi ambayo huenda usiitumie.

Majibu huchukua muda gani?

Mashine hujibu haraka, mara nyingi ndani ya siku chache alama zikitumwa kwa skana. Kinachochelewesha ni mambo mawili: rekodi inayohitaji kusomwa na mtu, na foleni ya ofisi ya leseni yenyewe. Kituo ulikochukuliwa alama hakiyaoni majibu, kwa hiyo usiwapigie wao.

Wataona nini hasa?

Wataona matukio ambayo ulikamatwa au kushtakiwa na alama zako zikachukuliwa, pamoja na matokeo ya kesi kama mahakama au polisi waliyatuma. Faini ya mwendo kasi kwa kawaida haimo, kwa sababu hakuna aliyechukua vidole vyako barabarani. Kuendesha gari umelewa mara nyingi imo. Madeni, alama za mkopo (credit score) na kesi za kufukuzwa kwenye nyumba ya kupanga si sehemu ya rekodi hii.

Kesi yangu ilifutwa. Kwa nini bado inaonekana?

Hili ndilo swali zito kuliko yote hapa. FBI haitungi rekodi, huhifadhi kilichotumwa. Polisi wanapokukamata hutuma taarifa mara moja. Mahakama inapofuta kesi miezi minane baadaye, taarifa hiyo inapaswa nayo itumwe, na mara nyingi haitumwi, au hutumwa na makosa ya namba. Kinachobaki kwenye rekodi ni kukamatwa kusiko na mwisho, na afisa anayekisoma hajui kama ulishinda, ulihukumiwa, au kesi bado inaendelea.

Dawa yake ni kwenda kwa karani wa mahakama iliyosikiliza kesi na kuomba nakala iliyothibitishwa ya matokeo, yenye muhuri. Hiyo utaipeleka ofisi ya leseni, na nakala nyingine ofisi ya rekodi ya jimbo ili kosa lirekebishwe kwenye chanzo. Kama jimbo lilikubali kuifuta kabisa rekodi, uliza pia kama agizo hilo limeshafika FBI. Kufutwa jimboni hakuondoi nakala ya FBI mpaka jimbo liwaarifu.

Fomu inauliza kama nimewahi kukamatwa. Nijibu nini?

Jibu swali lililoulizwa, si lile unalotamani waulize. Kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani ni mambo matatu tofauti. Fomu ikiuliza kuhusu kutiwa hatiani na kesi yako ilifutwa, jibu huwa hapana. Ikiuliza kuhusu kukamatwa, jibu ni ndiyo, na unaambatisha maelezo mafupi na karatasi ya mahakama. Kuna vilevile makubaliano ambayo jaji huahirisha hukumu, na mwenye kesi akaondoka akiamini hakuhukumiwa. Baadhi ya majimbo huyahesabu kama hukumu kwa mambo ya leseni, kwa hiyo hapo muulize mwanasheria.

Mtu anaweza kusamehewa kosa dogo la miaka kumi iliyopita, halafu akanyimwa leseni kwa kulificha. Tungeweza kulisema hili kwa maneno makali zaidi na bado lisingetosha.

Kosa la zamani linanizuia moja kwa moja?

Mara nyingi siyo. Ofisi nyingi huangalia aina ya kosa, muda uliopita, na uhusiano wake na kazi. Kosa la wizi lina uzito kwa anayeingia majumbani, na uzito mdogo kwa mwingine. California, tangu Julai 2020, bodi zake nyingi haziruhusiwi kukunyima leseni kwa hukumu iliyozidi miaka 7, isipokuwa makosa mazito na mengine yaliyotajwa. Florida, kwa kazi za wazee na watoto, kuna orodha ya makosa yanayozuia, lakini pia kuna njia ya kuomba uondolewe kizuizi hicho. Barua za mwajiri, vyeti vya mafunzo na ushahidi wa kumaliza adhabu husaidia kweli.

Wamesema rekodi yangu ni mbaya, lakini si yangu au ina makosa. Nina haki gani?

Kanuni ya shirikisho, 28 CFR 50.12, inaitaka ofisi ikujulishe kwa maandishi kwamba vidole vyako vitatumika kuangalia rekodi za FBI, na ikupe nafasi ya kuipinga au kuikamilisha rekodi. Haitakiwi kukunyima leseni kwa sababu ya rekodi hiyo kabla hujapewa muda wa kutosha wa kuirekebisha, au kusema kwamba hutaki. Kwa hiyo omba muda huo, kwa maandishi, siku ile ile unapopata barua. Kisha wasilisha pingamizi kwa idara iliyotuma taarifa au kwa FBI yenyewe, ambayo italipeleka kwa idara husika.

Je, wataona kesi niliyokuwa nayo Kenya, Tanzania au Congo?

Rekodi ya FBI si rekodi ya polisi wa nchi hizo. Lakini fomu nyingi huuliza kuhusu hukumu za nchi yoyote, na wajibu wa kujibu ukweli uko pale pale. Baadhi ya bodi hudai pia cheti cha tabia njema kutoka nchi uliyoishi. Kiombe mapema, kwa sababu mara nyingi nacho kinahitaji alama za vidole zilizochukuliwa huku Marekani.

Sina makaratasi kamili, au nina amri ya zamani ya kuondolewa nchini. Nitoe alama?

Usitoe kabla ya kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Sheria ya Marekani. Wakala wa fomu si mwanasheria, hata kama ni mtu wa nyumbani na anaheshimika msikitini au kanisani.

Nikishapata leseni, alama zangu hufutwa?

Inategemea. Baadhi ya majimbo huzihifadhi na kujiunga na huduma ya FBI iitwayo Rap Back, inayoiarifu ofisi ya leseni ukikamatwa baadaye. Ofisi inapaswa kukupa taarifa ya faragha inayoeleza matumizi hayo kabla hujaweka kidole kwenye kioo. Ukibadilisha kazi na kuacha leseni, uliza kama wameshakuondoa kwenye ufuatiliaji huo.

Kuna mtu anasema anaweza kuharakisha majibu au kusafisha rekodi kwa malipo.

Hawezi. Hakuna dirisha la pembeni FBI. Kurekebisha rekodi ni kazi ya mahakama na ofisi za rekodi, na kwa mtu wa kipato kidogo, miji mingi ina ofisi za msaada wa kisheria zinazosaidia kufuta rekodi bila malipo. Kituo cha alama kinaruhusiwa kukutoza ada ya kuchukua vidole juu ya ada ya serikali. Tofauti kati ya kituo na kituo huwa kubwa, kwa hiyo piga simu kwenye viwili vitatu kwanza.